Kiingilio: Tawi Moja

Jumatatu, 12 Mei 2025

Kikao cha bodi asubuhi. Chai baridi, mandazi ya jana, na ajenda ilikuwa mimi.

Nayaandika hapa kwa sababu kwenye kumbukumbu za kikao hayataandikwa. Nilipochukua kazi ya Mkurugenzi Mtendaji wa Winam Rangers, klabu ilikuwa na mipira mitatu, miwili ikivuja. Leo tuna mipira ishirini. Nani ameshukuru? Mimi, Sydney Ooko, nilianza kwa kubeba barafu kwa baiskeli kutoka mjini hadi ufuoni Dunga. Leo nina malori manne ya baridi yanayopeleka samaki mpaka Nairobi. Nimeuza kitu kinachoyeyuka ukikitazama. Nishindwe kuuza mpira?

Ninashindwa kwa sababu ya geti. Mji huu una desturi yake: baada ya mapumziko, geti la uwanja hufunguliwa bure. Nani alianzisha? Hakuna anayejua. Basi watu husimama nje kipindi chote cha kwanza wakila mahindi ya kuchoma. Bao likiingia, wanashangilia kupitia ukutani na kurudia mahindi yao. Mechi iliyopita nilihesabu mwenyewe. Tiketi zilizouzwa, mia mbili na kumi na moja. Vichwa uwanjani mwishoni mwa mchezo, zaidi ya elfu mbili. Nilimuuliza kijana mmoja kwa nini hanunui tiketi. Akanijibu kwa heshima kabisa: "Mzee, kipindi cha kwanza si huwa wanajaribiana tu."

Sasa kampuni ya sabuni inayotudhamini inakaribia mwisho wa mkataba. Meneja wao, Debra, anakuja kutoka Nairobi kutazama mechi yetu ijayo. Anataka kuona mashabiki wanaolipa, elfu moja na mia tano, la sivyo sabuni inaondoka na jezi zake. Mkutano mkuu wa wanachama ni Jumapili. Mwenyekiti alisema, huku akitazama mandazi, kwamba sabuni ikiondoka itabidi wanachama waangalie pia kiti changu.

Waliaula alinipa pole. Huyu ni mweka hazina wetu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Simpendi mtu anayetoa pole kabla ya msiba. Wanachama wote humwita ndugu. Mimi huniita Mkurugenzi, na husita kidogo kabla.

Debra hawezi kuja Jumapili. Anaweza Jumamosi. Nilipiga simu ofisi ya ligi, nikabembeleza, nikatisha, nikabembeleza tena. Mechi imehamishwa hadi Jumamosi, saa tisa alasiri. Hiyo ndiyo kazi ya mtendaji! Waliaula akauliza kama nina hakika na Jumamosi. Nikamwambia Jumamosi ni siku kama nyingine.

Jumanne, 13 Mei

Nimeziba shimo.

Liko nyuma ya goli la kaskazini, upande wa mtaa wa Obunga, na lina upana wa mtu aliyevaa koti. Limekuwepo tangu ukuta ujengwe. Nadhani liliachwa makusudi. Nimemwajiri fundi Wechuli. Saruji nimenunua kwa Waliaula, kwa bei ya rafiki, ambayo nimegundua ni bei ya kila mtu.

Wechuli alifanya kazi nzuri. Ukuta laini kama sahani. Alipomaliza akauliza kama Jumamosi anaweza kuegemeza ngazi yake pale, kwa sababu watu wa shimo watahitaji njia. Kupanda shilingi kumi, kushuka bure. Nikamwambia aweke vipande vya chupa juu ya ukuta, urefu wote. Akasema chupa ni malipo mengine. Nimelipa. Sasa hata paka akitaka kuona mpira atapita dirisha la tiketi.

Pia nimetangaza kwamba geti halitafunguliwa tena baada ya mapumziko. Nilipotoka kwenda kula mchana, wauza mahindi waliniangalia kama mtu aliyekanyaga jiko lao.

Jioni nikamwambia mke wangu Selpha kwamba Jumamosi nitaujaza uwanja. Akaacha kukata sukuma wiki. Akaniuliza nitaujaza na nani, maana Jumamosi Mzee Oduor anazikwa.

Mzee Oduor ndiye aliyekuwa mpiga pembe wetu. Pembe ya ng'ombe, ndefu, inasikika mpaka stendi ya mabasi. Alianza kuipiga kabla mimi sijapata baiskeli. Nilijua amefariki. Nilitoa mchango, jina langu likasomwa. Siku ya mazishi ndiyo sikuuliza.

"Baba Sheryl," Selpha akasema, "umezaliwa hapa. Watu wa huku huzikwa siku gani?"

Jumamosi. Kila shabiki wangu mwenye shilingi mia mfukoni atakuwa matangani huko Ahero, akila nyama ya bure. Na mechi niliihamisha mwenyewe.

Jumatano, 14 Mei

Nilikwenda kwa mjane, Mama Milka, nikiwa na sukari, mikate na ombi moja.

Boma lao liko upande wa pili wa Ahero. Mvua imejaza mashamba ya mpunga, maji yamefika mpaka mlangoni, na njia ya kuingia ni tope tupu. Nilivua viatu vya ngozi nikavibeba. Nikafika nikamkuta nani? Waliaula. Suruali imekunjwa hadi magotini, anachimba mtaro ili maji yasiingie mahali pa mahema. Alisema alikuja tu kusaidia kidogo. Mtu anayechimba mtaro kwenye msiba wiki ya uchaguzi hachimbi mtaro.

Nilianza na rambirambi. Kisha nikagusia ratiba. Nikasema mazishi yakiwa Jumapili baada ya ibada, mimi nitagharimia mahema, viti na chakula. Mama Milka akasogeza mikate kando. Nikasema pia nina lori la baridi, kama kuna haja ya kumsafirisha mzee. Akasogeza na sukari. Nikasema limeoshwa. Waliaula akakohoa huko mtaroni.

Binti yao Milka aliinuka akatoka nje. Mama ndiye aliyezungumza, na hakunitazama.

"Oduor aliniomba jambo moja tu kule hospitalini. Siku anarudi nyumbani, apitishwe uwanjani. Azunguke mara moja, asikie watu wake. Mkiweza hilo, tutazika Jumapili."

Mara moja kichwa changu kikaanza kufanya kazi. Gari la maiti linapita uwanjani wakati wa mapumziko. Nyuma yake msafara. Nyuma ya msafara mji mzima, maana nani hakumjua Mzee Oduor? Na mji mzima unapita dirishani, shilingi mia kila kichwa. Msiba uliokuwa unaniibia watu sasa unaniletea! Nikamshika Mama mkono kwa mikono yangu miwili.

Akaongeza kwamba watu wanaomsindikiza mzee wasitozwe.

Nikasema, "Mama, nani anaweza kumtoza mfiwa?"

Ni familia. Watu thelathini. Wakizidi sana, arobaini.

Njiani kurudi Waliaula alipanda gari langu, na tope lake lote. Akauliza mtu wa getini atamjuaje mfiwa na asiye mfiwa. Jibu nilikuwa nalo kabla hatujafika lami. Tawi. Magari ya msiba hufungwa matawi ya kijani, na wanaotembea na maiti hushika matawi mkononi. Basi mwenye tawi anaingia bure, asiye na tawi analipa. Rahisi, wazi, na sichapishi hata karatasi moja.

Waliaula alitazama nje ya dirisha mpaka tulipoingia mjini. Kisha akasema, "Mkurugenzi, miti ni mingi."

Nikamwambia hayo ni mawazo ya mtu wa rejareja.

Alhamisi, 15 Mei

Redioni asubuhi, kipindi cha Lornah. Kila mtu mjini humsikiliza, hata wale wanaosema hawamsikilizi.

Nilieleza yote kwa mpangilio. Mechi Jumamosi. Tiketi mia. Geti halifunguliwi mapumziko. Marehemu atapita uwanjani kuaga. Wanaoomboleza na tawi mkononi, hakuna malipo. Lornah akarudia kwa Dholuo, akarudia kwa Kiswahili, akaweka muziki wa huzuni chini ya maneno yangu. Ilikuwa nzuri.

Mtu mmoja akapiga simu kuuliza kama lazima mtu awe ndugu wa marehemu. Nilikuwa nimeingiwa na ule muziki. Nikajibu kwamba aliyempoteza Mzee Oduor anajijua mwenyewe.

Sentensi tamu. Lornah aliirudia kila baada ya wimbo. Kufikia saa kumi vijana wa bodaboda walikuwa wakiambiana barabarani: unajijua mwenyewe, na mimi najijua.

Nimechapisha tiketi elfu tatu. Mchapishaji alinishauri nianze na mia tano. Hakuna mtu mwenye imani mji huu.

Wapinzani wetu ni timu ya Ahero, na nasikia wiki nzima wamefanya mazoezi barabarani kwa sababu uwanja wao una kambare. Hata kocha wetu alitabasamu, na kocha wetu hana desturi hiyo.

Ijumaa, 16 Mei

Tiketi zilizouzwa hadi jioni: kumi na nne.

Sina wasiwasi. Watu wetu hununua dakika ya mwisho. Hata jeneza hununua dakika ya mwisho.

Jambo la kushangaza: nilipokuwa nikiendesha gari kwenda kumpokea Debra uwanja wa ndege, niliona miti ya barabarani imepogolewa. Mwarobaini wote mbele ya benki, mtupu. Nikasema hatimaye serikali ya kaunti inafanya kazi. Nilitaka hata kuwaandikia pongezi. Kwenye taa za barabarani mzee mmoja mwenye suti alinigongea kioo. Akauliza kama tawi lenye maua linakubalika, kwa sababu kwake kumebaki maua tu. Nikamwambia akiwa na majonzi ya kweli linakubalika. Akashukuru sana.

Debra ni mwanamke wa maneno machache. Nilimpeleka kula samaki karibu na ziwa. Akauliza tiketi ngapi. Nikasema zinapanda. Akauliza kutoka ngapi hadi ngapi. Nikamwagizia samaki mwingine. Akauliza mbona kila pikipiki ina majani. Nikasema ni utamaduni.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika nikiwa na simenti kwenye nywele.

Asubuhi niliamka nikavuta pazia, nikawa natazamana na mwenye duka wa ng'ambo ya barabara, ana kwa ana, yeye na sega lake. Ua wangu haupo. Ule ua wa kijani wa mbele, niliokuwa nakata kwa kamba na kipimo kila mwisho wa mwezi. Vimebaki vijiti. Sebule yangu yote inaonekana barabarani, hata picha ya harusi. Nikamwita Selpha twende polisi. Selpha hakuwepo. Panga halikuwepo. Moja ya malori halikuwepo.

Nilimkuta nje ya uwanja, chini ya mwavuli, na meza. Tawi dogo shilingi ishirini, kubwa thelathini. Mstari wake ulikuwa umepinda kona. Kwenye dirisha la tiketi, karani wangu alikuwa amelala na shavu juu ya tiketi elfu tatu.

Nikamuuliza Selpha anafanya nini.

"Baba Sheryl, wewe ulitangaza. Mimi nimeleta bidhaa."

Kisha wakaanza kuja. Walinzi wa geti nilikuwa nimewaagiza: mwenye tawi aingie, asiye na tawi alipe. Hawajawahi kutii amri yangu hata moja. Hii waliitii. Na kila mtu alikuwa na tawi. Wengine majani ya mgomba. Mmoja alitoka Muhoroni na muwa mzima wenye majani, akawa anakula kiingilio chake. Nilimsimamisha mtu mmoja aliyekuwa akilia machozi ya kweli, nikamuuliza alimjuaje marehemu. Akasema hakumjua, lakini ule wimbo wa redioni ulimzidi.

Saa nane na nusu uwanja ulikuwa umejaa. Elfu saba. Nilihesabu kwa safu. Elfu saba ya wafiwa.

Gari la maiti lilitakiwa kufika wakati wa mapumziko. Likafika kabla ya mechi, kwa sababu dereva alikuwa na kazi nyingine jioni. Likapitia geti kuu. Nyuma yake, basi la Ahero likasimama. Wachezaji hawakushuka.

Nahodha wao alinieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni. Timu yao haiwezi kukanyaga pale ambapo maiti imepita sasa hivi kwenda uwanjani. Na hata pasipo maiti, wao hawatumii geti la wenyeji. Hakuna timu ngeni inayotumia geti la wenyeji, maana nani anajua limefanyiwa nini usiku? Timu ngeni hupita shimoni. Miaka yote. Akauliza shimo liko wapi.

Nikasema limezibwa.

Akasema basi wataruka ukuta. Nikamweleza kuhusu chupa. Akatazama juu ya ukuta. Kisha akarudi kwenye basi na kufunga mlango.

Refa akaja na saa yake. Wageni wasipoingia kwa wakati, mechi haipo, na kwa kuwa wenyeji ndio walioziba njia, pointi zote zinakwenda Ahero. Jukwaani Debra naye alikuwa akitazama saa. Nikapiga kelele aitwe Wechuli.

Hakuitwa mbali. Alikuwa ameketi kando ya ukuta wake, na nyundo kubwa, na ngazi, kama mtu anayengoja basi analolijua. Akasema kubomoa ni ghali kuliko kujenga, kwa sababu kujenga hupangwa na kubomoa ni dharura. Nikalipa. Akapiga nyundo ya kwanza, akapumzika. Nikamnyang'anya nyundo nikapiga mwenyewe. Ukuta mzuri ule! Ulikataa kabisa.

Wakati tunabomoa, gari la maiti likaanza kuzunguka uwanja.

Polepole sana. Sikuwa nimepanga hivyo, lakini watu wote walisimama na kuinua matawi, jukwaa lote likawa la kijani, na hakuna aliyesema neno. Elfu saba! Milka alikuwa amekaa mbele, kando ya dereva, na pembe ya baba yake. Aliitoa dirishani akaipiga. Si vizuri. Ilimkatikia katikati, akashusha, akavuta pumzi, akaipiga tena mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nimeacha nyundo, nikirudia hesabu ya vichwa, nimefika safu ya nne. Nikapoteza hesabu. Sijui nilisimama pale kiasi gani. Ikabidi nianze upya.

Debra alikuwa analia. Akaniomba kitambaa. Sikuwa nacho. Nikampa kitabu cha tiketi. Vilikuwepo vingi.

Shimo likafunguka. Timu ya Ahero ikapita, mmoja mmoja, kwa heshima. Nyuma yao wakapita wote wa Obunga ambao hawakuwahi matawi.

Tulishinda bao moja kwa sifuri. Nasikia lilikuwa la kichwa, zuri, dakika za mwisho. Mji mzima unasema aliyelifunga ni Mzee Oduor. Mimi nilikuwa dirisha la tiketi. Zilizouzwa: kumi na tano. Ile ya kumi na tano alinunua Debra, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kuhusu tawi.

Selpha hajaniambia amepata ngapi. Amesema tu kwamba Jumatatu atanunua friji.

Jumapili, 18 Mei

Mazishi baada ya ibada. Kwa kuwa wanachama wote walikuwa msibani, Mwenyekiti akaamua mkutano mkuu ufanyike huko huko, chini ya mahema. Mahema yangu. Viti vyangu. Wali wangu.

Mvua ilinyesha wakati wa kuzika. Maji yakaja mpaka ukingo wa mahema, yakaona mtaro wa Waliaula, yakapinda. Niliona watu wakiuangalia mtaro ule. Nilijua kiti changu kinaondoka na yale maji.

Ripoti yangu ilikuwa fupi na ya kweli. Nilitumia neno mahudhurio, sikutumia neno tiketi. Mwanachama mmoja akauliza tiketi. Nikasema mvua ni kubwa, tusiwachoshe wafiwa.

Ndipo Debra akasimama. Aliahirisha safari yake ya kurudi, akaja mazishini na gambuti za kuazima. Akasema alitumwa kuona watu wanaolipa na hakuwaona, alimwona mmoja, naye ni yeye mwenyewe. Nilitazama chini. Kisha akasema kwamba katika kazi yake hajaona watu wakiipenda timu namna ile, na kwamba kampuni itasaini misimu miwili. Makofi! Niliinuka kushukuru. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Akaendelea. Akauliza nani atakuwa mtu wao wa kufanya kazi naye, mtu ambaye akiita, watu wanakuja.

Wanachama wote waligeuka kutazama mtaro.

Waliaula alijitetea. Akasema yeye ni mtu wa saruji. Akasema tu kwamba kama angeulizwa, angeweka kiingilio shilingi ishirini, bei ya tawi, kwa kuwa jana tumeona watu hawana shida kulipa ishirini. Watu wakaitikia kama kanisani. Elfu saba mara ishirini ni laki moja na arobaini elfu. Niliipata kabla hajamaliza sentensi. Ilikuwa hesabu safi, na ilikuwa imekaa kwenye meza ya mke wangu siku nzima.

Kura ikapigwa ya kuinua mikono. Wengine waliinua matawi ya jana. Nikapinga: tawi si mkono. Mwenyekiti akakubali, wakarudia bila matawi. Waliaula akapata nyingi kuliko mara ya kwanza.

Mkurugenzi mpya akaja akanipa pole. Safari hii msiba ulikuwepo.

Nilikuwa naelekea kwenye gari Mama Milka aliposimama. Akaliambia hema zima:

"Huyu mzee alimpitisha Oduor wangu. Sijali alitaka nini. Alimpitisha. Msimwache aende mikono mitupu."

Wakashauriana. Wakanipa cheo kipya hapo hapo: Mwenyekiti wa Kamati ya Mazishi ya Mashabiki. Mikono yote ikainuka, hata wa Selpha. Sijawahi kupitishwa kwa kura zote maishani mwangu.

Jumatatu, 19 Mei

Mtu mdogo angekasirika. Mimi nimekaa sebuleni, natazamwa na barabara nzima, nimefikiri.

Kosa halikuwa wazo. Wazo liliingiza watu elfu saba. Kosa lilikuwa kwenye tawi. Tawi halikuwa na nambari. Ukiweka nambari kwenye kila tawi, muhuri wa klabu na rangi inayobadilika kila mechi, nani ataiba? Nimezungumza na mchapishaji. Anasema mashine yake haiingizi majani. Atazoea. Waliaula na kamati yake waendelee na ishirini zao. Kamati yangu itakuwa na matawi ya shilingi hamsini.

Selpha akasema, akiwa ananunua miche ya ua kwenye simu, miche mingi kuliko ua unavyohitaji, kwamba wazo hilo linahitaji marehemu, na marehemu nitamtoa wapi.

Nilikuwa nimeshafikiria. Mzee Nabututu wa Muhoroni. Mwanzilishi wa klabu, wa mwisho aliyebaki, miaka tisini na moja. Akipita uwanjani huyo, elfu saba ni utani. Nimempigia simu kumjulia hali. Nilitegemea apokee mjukuu. Amepokea mwenyewe, kwa sauti kubwa, kwa kuwa alikuwa juu ya trekta anavuna miwa.

Nikamuuliza taratibu kama amewahi kufikiria kuzungushwa uwanjani, mara moja, asikie watu wake. Akasema anakuja Jumamosi kwa miguu yake. Akauliza kama mwanzilishi analipa.

Nikamwambia akiwa hai ni mia.

Akacheka mpaka trekta ikazimika. Ana mapafu mazuri mno, na hilo linanipa wasiwasi kidogo. Nimeweka kengele kwenye simu: kila Jumatatu asubuhi, kumjulia hali Mzee Nabututu.